Mtoto anayechagua chakula: nasema shida iko kwenye vitafunwa. Wazazi njooni tujadili

#1 MamaNasra
Habari zenu wakuu.

Nina binti wa miaka mitatu na kaka yake wa sita. Huyu mkubwa anakula hata mlenda. Binti anataka vitu vinne tu: chipsi, biskuti, wali mweupe na maziwa. Akiona mchicha pembeni ya sahani anaisukuma sahani nzima. Maharage anayamenya mdomoni, ganda analitema, kisha na la ndani analitema vilevile.

Kila ninayemuuliza ananiambia nimtafutie dawa ya hamu ya kula. Nimekaa nikaangalia siku yake inavyokwenda na nina hoja ambayo nataka muipinge au muiunge mkono: huyu mtoto hamu anayo, tena kubwa, ila inaishia kwenye vitafunwa. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi. Saa nne biskuti. Akitoka shule ya awali ana juisi ya boksi mkononi. Saa nane tunamwekea ugali na mboga, halafu tunashangaa kwa nini hali. Jioni kikombe cha maziwa, kabla ya kulala kingine.

Kwa hiyo nasema vitafunwa vyenyewe viwe chakula, kidogo kidogo, na milo mikubwa haitatutesa hivi. Nataka mawazo ya vitu vinavyopikika kwenye jiko la gesi au la mkaa, bila ovena, bila vitu vya supamaketi vya bei mbaya. Karibuni.

#2 KijanaWaMburahati
Naweka kambi hapa. Wangu ana miaka miwili na nusu, umemwelezea yeye.

#3 BabaTunu
Dada MamaNasra, hoja yako ina ukweli lakini umeibebesha mzigo mkubwa mno. Ni umri huo. Kuanzia kama miaka miwili hadi mitano, sita, watoto wengi huogopa chakula wasichokijua. Wataalamu wanalijua hilo dunia nzima na wengine wanaona lina maana yake: mtoto aliyeanza kutembea peke yake akila kila jani analoliona hafiki mbali. Tafiti zinaonyesha anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali. Sisi tunampa mchicha mara tatu, anakataa, tayari tumeshamtangaza kwa majirani kuwa "huyu hali mboga za majani". Na yeye anasikia.

#4 Bi_Mwanaidi
Sisi Tanga enzi zetu nani alikuuliza unataka nini? Sinia moja, watoto saba, ukisusa wenzio wanamaliza. Hawa wenu wanakula peke yao mbele ya televisheni, dada wa kazi anawakimbiza na kijiko uani. Mtoto akila na wenzake hachagui.

#5 Mzee_wa_Hoja
Bi mkubwa shikamoo. Sinia nalikubali, lakini tuseme ukweli wote: kwenye sinia mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa anaachiwa ukoko na mchuzi bila kitoweo. Kliniki wanasisitiza mtoto mdogo awe na bakuli lake, ili anayemlisha aone kala kiasi gani.

#6 Bi_Mwanaidi
Marahaba mwanangu. Basi hilo bakuli lake likae kwenye mkeka huohuo na wenzake. Ugumu uko wapi?

#7 TicherAwali
Nafundisha madarasa ya awali, kwa hiyo namuunga mkono MamaNasra kwa ninayoyaona. Saa nne makopo yakifunguliwa, karibu yote yanafanana: biskuti za krimu, krispi, keki ya pakiti, juisi ya rangi. Wachache wana kiazi kitamu au yai. Na kuna jambo nimelishuhudia mara nyingi, mtoto ambaye mama yake anasema "huyu hali kitu" anaomba kipande cha kiazi cha jirani yake na anakila chote. Akiona wenzake wanakula, na yeye anakula.

Kwa hiyo Bi Mwanaidi naye ana haki yake. Ila #3 nakukatalia kidogo. Umri unaeleza kwa nini anaogopa kitu kipya. Hauelezi kwa nini anakataa maharage ambayo alikuwa anayala vizuri akiwa na mwaka mmoja.

#8 BabaTunu
@TicherAwali hata hilo ni umri. Wengi walikula kila kitu kabla ya miaka miwili, wakageuka ghafla. Na baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua inapungua sana, kwa hiyo na chakula anachohitaji kwa kila kilo ya mwili wake kinapungua. Mzazi bado anapima kwa jicho la mwaka jana.

#9 NesiWaKata
Wapendwa, kabla hamjaamua ni umri au ni biskuti, hakikisheni mtoto si mgonjwa. Angalieni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukiwa unapanda vizuri, mengi mnayoyaita kutokula ni kutokula tunachotaka sisi. Mstari ukilala au ukishuka, aje kituoni, msisubiri ushauri wa mtandaoni.

Vitu ninavyokutana navyo mara kwa mara: upungufu wa damu, minyoo, vidonda vya mdomoni, mafindofindo, meno yaliyooza. Mtoto mwenye damu pungufu anapoteza hamu ya kula, na wengine wanaanza kula udongo au mchele mbichi. Dawa za minyoo kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5, pamoja na matone ya vitamini A kuanzia miezi 6, hutolewa bure kila baada ya miezi sita, kampeni kubwa zikiwa Juni na Desemba. Wengine wanapitwa kwa sababu tu tangazo lilipita wakiwa safarini.

MamaNasra, mbili zimenigusa kwenye siku ya binti yako. Maziwa ni mazuri, lakini kwa mtoto wa umri huo yakizidi kama nusu lita kwa siku yanajaza tumbo na yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo chakula chenye chuma kinakosa nafasi. Na chai, hata ya maziwa, ina vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyo kwenye chakula yasiingie mwilini. Chai na maandazi asubuhi ni mazoea yetu, lakini mtoto haihitaji. Mpe uji, au maji na kipande cha chungwa. Chungwa, pera, embe, limau kwenye mboga, vyote vinasaidia chuma cha maharage na mchicha kuingia mwilini.

#10 ShemejiWaKariakoo
Asante nesi. Swali: mama mkwe ameona mtoto wangu hali na anakohoa, anasema ana kimeo, kuna fundi wa kukata. Jirani naye anasema kabemendwa, yaani eti wazazi walikutana kimwili akiwa bado ananyonya. Nishike lipi?

#11 NesiWaKata
Usishike hata moja. Kimeo kila binadamu anacho, ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Watoto wanaokatwa mtaani wanavuja damu, wanapata maambukizi, na wapo waliopoteza maisha. Anayekohoa na kukataa chakula apelekwe akasikilizwe kifua, apimwe damu. Na hilo la kubemendwa linamfanya mama aone aibu kuja kliniki, mtoto anafika akiwa amechelewa. Mwambie mama mkwe kwa heshima, lakini mtoto asitolewe nyumbani kwenda kwa fundi.

#12 ShemejiWaKariakoo
Nimekuelewa. Kesho asubuhi tunaenda.

#13 Kibo_Kaskazini
Tumetoka kwenye chakula. MamaNasra aliomba vya kupika. Huku kwetu Moshi mtoto anakuzwa na mtori. Ndizi mbichi za kupikia, nyama yenye mfupa ichemke kwanza mpaka ilainike, unatia ndizi, kitunguu, karoti kidogo, zikiiva unaponda kwa mwiko mpaka iwe nzito. Nyama unaichambua nyuzinyuzi unairudisha humo. Mtoto asiyependa kutafuna nyama haoni pa kuitema. Upande wa pili kuna kiburu, ndizi na maharage vimepikwa pamoja na kupondwa. Weka kwenye kikombe, mpe kijiko ale mwenyewe. Hicho ndicho kitafunwa cha saa nne.

#14 Mzee_wa_Hoja
Nilijua tu Mchaga akiingia, mtori unafuata. Ngoja Wahaya waje na ndizi zao uzi uishie Bukoba.

#15 Kibo_Kaskazini
Waje, tutawapa bakuli.

#16 DadaLishe
Naomba niongeze kitu ambacho wengi wamekisahau: kimea.

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi unamjaza maji, uji mzito hawezi kuumeza na unamchosha. Bibi zetu walikuwa na suluhisho na watafiti wa hapa nchini wakalifanyia kazi miaka ya 1980. Chukua ulezi, upepete, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji, uutandaze, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu. Ndani ya siku mbili tatu unachipua. Anika juani ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Unga huo ndio kimea.

Pika uji mzito wa kawaida, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Epua, uache upungue moto mpaka uwe vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli, koroga. Mtaona wenyewe, ndani ya dakika chache ule uzito unavunjika, uji unateleza kama maziwa mgando yaliyopigwa, na unga uliomo ni uleule. Ukitia kimea uji ukichemka, hakifanyi kazi, kile kinachovunja wanga kinakufa kwa moto. Ukishalainika urudishe jikoni uchemke kidogo ndipo umpe mtoto. Na kwa sababu kimea kinatoa utamu wake, sukari unaweza kuiacha.

#17 MkulimaIringa
Hapohapo mnapata togwa. Watoto wa kusini wanaijua. Kimea kwenye uji, unaacha uchachuke usiku mmoja, asubuhi wanakunywa. Haina kilevi ikinywewa mapema.

#18 DadaLishe
Sahihi, na kuna utafiti wa miaka ya 1990 hapa Tanzania uliowafuatilia watoto waliokuwa wakinywa uji uliochachushwa, ukaona walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Ila vyombo viwe safi na isikae siku ya pili.

#19 FundiMasaga
@DadaLishe hapo kwenye kimea ongeza tahadhari. Umesema ulezi, sawa. Wapo watakaotumia mtama. Mtama ukichipua, yale machipukizi na mizizi yana sumu ya jamii ya ile ya mihogo michungu. Lazima yaondolewe yote na uji uchemshwe. Mimi nasagia watu mashine, naona wanaleta mtama na machipukizi yake yote.

#20 DadaLishe
Umefanya vizuri kusema. Kwa mtoto tumieni ulezi, yaishe.

#21 MamaPacha
Mbona hakuna aliyetaja unga wa lishe? Mimi nachanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, njugumawe, mbegu za maboga na dagaa. Wangu wanakunywa bila shida.

#22 DadaLishe
MamaPacha, usinichukie. Huo ndio mchanganyiko ambao wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakiomba wazazi wauache. Nafaka moja, mbili zikizidi, na jamii ya kunde moja zinatosha. Nafaka sita hazimpi mtoto kundi jipya la chakula, zote ni wanga uleule. Zinaiva kwa muda tofauti. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia protini kutumika mwilini. Karanga zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake yanachacha baada ya muda mfupi. Na kubwa kuliko yote ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo hupenda mahindi na karanga. Ukichanganya vitu kumi na moja, kimoja kikiwa kibovu, umeharibu gunia zima na kwa macho huoni. Karanga chagua wewe mwenyewe moja moja, tupa zilizosinyaa, zenye rangi tofauti na ukungu, kaanga, saga kidogo, tia kwenye uji siku ya kupika.

#23 PwaniKabisa
Kuhusu sumukuvu msichukulie mchezo. Huku Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyovunda.

#24 FundiMasaga
Na huku kwetu 2016, Dodoma na Manyara. Mahindi yaleyale ya nyumbani.

#25 MamaPacha
Nimesoma. Swali langu linabaki: mbona watoto wangu hawachagui chakula? Nadhani kwa sababu walizoea ladha nyingi mapema. Kuanzia miezi sita niliwapa kila tulichokula, bila chumvi nyingi. Watoto wanaochagua ni wale waliokaa na uji mtupu hadi mwaka mmoja.

#26 BabaTunu
Wangu wa kwanza na wa pili wamelelewa sawasawa. Mmoja anakula, mwingine hali. Jibu lako halinitoshi.

#27 MkulimaIringa
Naomba nami niseme kitu kinachoniuma. Iringa tunalima karibu kila kitu, mahindi, viazi, maharage, maparachichi yanaoza chini ya mti. Na bado takwimu za serikali za 2022 zilionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Chakula kipo, mtoto hapewi. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto anabaki na ugali wa jana na mwenzake wa miaka saba. Mtoto huyu hachagui chakula. Anakula kile kimoja anachopewa, mara mbili kwa siku, basi. Kwa hiyo vitafunwa kwetu si adui. Ni kile kinachokosekana.

Kitafunwa changu: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Mbegu kama Kabode na Mataya zinafanya vizuri. Chemsha na maganda, menya, ponda, changanya na unga wa ngano nusu kwa nusu, chumvi kidogo, usiweke maji kwanza maana kiazi kina maji yake. Sukuma chapati ndogondogo za kiganja cha mtoto, kaanga kwa mafuta kidogo. Zinakuwa na rangi ya jua, watoto wanazigombania. Ndani unapaka parachichi.

#28 TicherAwali
Rangi hiyo ni nusu ya kazi. Watoto wanakula kwa macho.

#29 MwanafunziUDSM
Na yai jamani. Kuna utafiti wa Ekuado uliotoka 2017, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, udumavu ukapungua kwa karibu nusu. Yai moja tu. Tungegawa mayai nchi nzima tungemaliza udumavu.

#30 DadaLishe
Usikimbie hivyo. Utafiti wa namna hiyo ulirudiwa Malawi, wilaya ya Mangochi, matokeo yakatoka 2019. Yai halikuleta tofauti kubwa kwenye urefu. Maelezo mojawapo waliyotoa ni kwamba wako kando ya ziwa, watoto wengi walikuwa tayari wanakula samaki. Yai ni chakula kizuri sana, Shirika la Afya Duniani linataka watoto wadogo wapate mayai, nyama au samaki kila siku. Lakini kama una dagaa, hujapungukiwa.

#31 MwanaKivu
Hapo kwa samaki nawasikia. Mie niko Goma. Kwetu ni sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, asili yao ni Ziwa Tanganyika, walipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama anazikausha, anazisaga, unga wake unaingia kwa sombe (kisamvu) ya watoto. Mtoto asiyependa kuona macho ya samaki hayaoni tena.

#32 Bi_Mwanaidi
Hata dagaa ni hivyohivyo. Kata vichwa, osha kwa maji ya moto, mchanga utulie chini, usimwage pamoja, uwaopoe kwa mkono. Anika. Kaanga kavu kwenye kikaango na kipande cha tangawizi mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga, chekecha. Kijiko cha chai kwenye uji au mchuzi wa nazi. Ukizidisha atasikia harufu na hutamshawishi tena.

#33 MamaNasra
Asanteni, nasoma kila neno. Tangu nesi aliposema, nimeondoa chai ya asubuhi na maziwa ya usiku. Siku za mwanzo kelele. Sasa asubuhi anakula uji, mchana bado ananisumbua. Chapati za viazi lishe kazipenda. Dagaa wa unga hajui kama anakula. Hapo ndipo nina swali: ni sawa kumfichia?

#34 Mzee_wa_Hoja
Mimi napinga. Ukimfichia leo, siku akigundua atakagua hadi wali. Na hatajifunza kula dagaa, atajifunza kula chapati. Mwekee dagaa wawili wa kukaanga pembeni ya sahani, asilazimishwe. Yule mtaalamu wa Marekani, Ellyn Satter, ana kanuni ninayoipenda: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile.

#35 MamaPacha
Kanuni nzuri kwa mwenye friji lililojaa. Mimi nikipika chakula kimoja na mtoto akaamua asile, analala njaa. Nitaficha mchicha kwenye katlesi mpaka aoe.

#36 NesiWaKata
Fanyeni yote mawili. Ficha ili apate leo, onyesha ili azoee. Ninachokataa ni kumbana pua na kumsukumia kijiko. Mtoto anapaliwa, chakula kinaingia kwenye njia ya hewa. Na anayelazimishwa anaanza kuogopa sahani yenyewe.

#37 BabaTunu
Nawaletea kisa cha kweli. Daktari mmoja Mmarekani, Clara Davis, miaka ya 1920 aliwaweka watoto waliotoka kuachishwa ziwa, akawawekea sinia lenye vyakula vingi, wauguzi wakakatazwa hata kuwaashiria. Watoto wakachagua wenyewe na wakakua vizuri. Mmoja aliyekuwa na matege alikunywa mafuta ya ini la samaki mwenyewe, mpaka akapona akaacha. Mwili wa mtoto unajua. Tuwaachie.

#38 DadaLishe
Kisa ni cha kweli, hitimisho ndilo ninalolipinga. Uliza nini kilikuwa kwenye sinia. Nyama, mayai, maziwa, nafaka, matunda, mboga, vyote vibichi au vya kupikwa kirahisi tu. Sukari haikuwemo. Vya makopo havikuwemo. Davis mwenyewe alisema siri iko kwenye orodha ya vyakula. Mweke leo mtoto mbele ya mchicha na krispi uone mwili wake "unajua" nini.

#39 MamaNasra
Basi tumerudi kwenye hoja yangu ya kwanza! Anayepanga sinia ni mimi.

#40 BabaTunu
Na kiasi anapanga yeye. Nusu yako, nusu yangu.

#41 MkulimaIringa
Na anayerudi shambani saa kumi na mbili jioni, sinia anampangia nani?

#42 Binti_Maskati
Salaam kutoka Muscat. Bibi zetu walitoka Unguja, watoto wetu wanataka vipande vya kuku vya pakiti tu. Ninachowapa wakirudi shule ni tende iliyotolewa kokwa, ndani naweka siagi ya karanga, na kikombe cha mtindi wa maji. Hawajawahi kukataa. Kwa mdogo naikata vipande.

#43 NesiWaKata
Umefanya vizuri kuikata. Wote wenye watoto chini ya miaka mitano: karanga nzima hapana, bisi hapana, pipi ngumu hapana. Zabibu na soseji kata kwa urefu, si kwa mviringo. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Mtoto ale amekaa, asikimbie na chakula mdomoni.

#44 KijanaWaMburahati
Kuhusu mayai, kwetu bibi anasema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Kuna ukweli?

#45 Bi_Mwanaidi
Hiyo ilisemwa ili mayai yabaki kwa baba. Mpe mtoto yai. Ponda ndizi mbivu moja, vunja yai moja, koroga, mimina vichapati vidogo kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Hakuna unga, hakuna sukari. Moto uwe mdogo, ndizi inaungua upesi.

#46 KijanaWaMburahati
Nimejaribu jioni hii. Kala vitatu. Cha nne kampa paka.

#47 PwaniKabisa
Huku Mombasa nawapa bajia za kunde badala ya krispi, nakaanga asubuhi wanabeba shule. Mwalimu wao aliniuliza nimeweka nini.

#48 MamaNasra
@PwaniKabisa kunde za ganda au zilizokobolewa? Na zisizo na pilipili zinashikana kweli? Nilizowahi kuonja zilikuwa zinavunjika kwenye mafuta.

#49 PwaniKabisa
Loweka za ganda usiku kucha, asubuhi zisugue ndani ya maji, maganda yanaelea unayamwaga. Saga na maji kidogo sana, hapo ndipo wengi wanaharibu. Tia kitunguu maji kilichokatwa vidogo, kitunguu saumu, kotimiri, chumvi. Ipige kwa mkono mpaka iwe nyepesi na iingie hewa. Dondosha tone kwenye bakuli la maji, likielea iko tayari. Pilipili haihusiki na kushikana.

#50 MamaNasra
Kunde ziko kwenye maji tayari. Karoti iliyokunwa inaingia humo?

#51 PwaniKabisa
Inaingia, ila ikamue maji kwanza.